Kusoma onlaini: kabla hujalipa ada, uliza nani atakupigia simu ukipotea

#1 Mleta mada

Wakuu salama?

Kila baada ya siku mbili tatu mtu anakuja humu anauliza asome onlaini au aende chuo akakae darasani, wanaibuka wawili, mmoja anasema onlaini ndio mpango mzima, mwingine anasema utapeli mtupu, wanarushiana maneno kidogo, uzi unakufa na aliyeuliza hajaambulia kitu. Leo niacheni nimwage ninachokijua. Mimi nina steshenari karibu na chuo hapa Morogoro, natoa kopi, naprinti, nabaindi, na kuna kompyuta za watu kuingia mtandaoni kwa saa. Hawa wanaosoma onlaini ndio wateja wangu wa jioni. Nawaona wakianza na nawaona wakiyeyuka.

Nianze na mazuri maana yapo na sio ya kubeza. Mtu ana ajira yake huko wilayani, mwalimu wa msingi, muuguzi wa zahanati, bwana shamba, ukimwambia aache kazi miaka mitatu aje mjini kusoma si atakushangaa, watoto watakula nini? Huyo onlaini imemkomboa kabisa, na sio jambo la jana wala juzi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimeanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, wanafunzi wa kwanza wakaanza 1994, enzi hizo hakuna cha intaneti wala nini, ni makabrasha unasoma mwenyewe nyumbani kwa taa ya chemli. Siku hizi makabrasha yamehamia kwenye mfumo, unafungua hata kwa simu, ila mtihani unaenda kuufanyia kituoni, kitambulisho mezani na msimamizi anakuangalia usoni. Anayedhani digrii ya hivyo inanunuliwa akajaribu halafu aje atupe mrejesho.

La pili ni kurudia. Kwenye ukumbi wa watu mia nne lekchara akishapita amepita, wewe uliyekaa nyuma kabisa umeambulia vikohozi vya wenzako. Kwenye vidio unamsimamisha, unamrudisha, anakwambia yale yale bila kununa. Kuna dogo wa mwaka wa kwanza takwimu zilikuwa zinamtoa jasho, alikuwa anakaa kompyuta ile ya ukutani, hedifoni masikioni, kaunta buku mapajani, vidio ya dakika kumi anaimaliza kwa saa nzima. Anasimamisha, anakokotoa, anafuta kwa kidole mpaka karatasi inatoboka, anarudisha tena. Mpaka mimi nimekariri sauti ya yule mwalimu wa Kihindi. Dogo hakupata sapu, ule mtihani wa kurudia.

Halafu kuna vya bure ambavyo watu hawavijui wanaenda kuuziwa. Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao, vitabu vya kiada unavisoma humo bila kutoa shilingi. Shule Direct wapo tangu 2013 na masomo ya sekondari. Wadogo wana Ubongo Kids, kwa Kiswahili safi, imeanza kurushwa TBC mwaka 2014. Mtu ana mtoto darasa la nne na anamlipia tuisheni ya Zoom kila mwezi wakati hata hivi vya bure hajavifungua, mi nashangaa.

Haya, mabaya. Najua mtakimbilia bando na umeme. Ni kweli, siwezi kubisha, tarehe 12 Mei 2024 ilikuwa Jumapili, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zikakatika, na sisi Tanzania tukawa kati ya walioumia zaidi. Hapa kwangu watu walijaa na dedlaini zao wanaangalia kile kiduara kinavyozunguka, mmoja anaomba nimrudishie hela ya saa, hela gani sasa na mimi sijala kitu.

Ila mimi bando siliweki namba moja. Bando mtu akiwa na nia atalitafuta, atasubiri lile la usiku la bei ya chini. Namba moja ni mtu kuyeyuka kimya kimya. Ukiwa chuoni ukakosa vipindi siku tatu kuna mtu atauliza, kiongozi wa darasa atakutafuta kwenye grupu, unayelala naye chumba kimoja atakuamsha kwa teke. Onlaini ukiacha kuingia mfumo hauna habari na wewe. Hakufukuzi mtu, hakugombezi mtu, unajiambia wikiendi nitafidia, wikiendi kuna msiba, wikiendi nyingine harusi, ukija kushtuka muhula umeisha na ada imeliwa.

Na msiseme ni sisi Waswahili wavivu. Zile kozi za onlaini za vyuo vya Marekani, MIT na Harvard, utafiti uliotoka 2019 kwenye jarida la Science ulikuta mwaka wa masomo 2017/18 waliomaliza ni kama watu 3 kwa kila 100 waliojiandikisha. Watatu! Walimu wa pale ni moto wa kuotea mbali, mtandao wa wenzetu haukatikikatiki, na bado 97 wamepotelea njiani. Najua wapo wanaojiandikisha kuchungulia tu, lakini ondoa hao wote bado picha haipendezi.

Sasa niambieni ilikuwaje mwaka 1973 nchi hii hii ikasomesha watu kama milioni 2 kwa redio? Wazee humu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya. Vijiji vizima watu walikaa kwenye vikundi, kila kikundi kina kiongozi aliyefundwa kabla na kina kitabu chake, wanasikiliza kipindi pamoja, redio ikizimwa wanajadili wafanye nini hapo kijijini kwao, na kweli wakatoka wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Teknolojia yenyewe ni redio ya mbao! Kilichofanya kazi pale ni kile kikundi. Usipotokea Alhamisi jirani anakuja mlangoni kuuliza unaumwa?

Hata huyo Salman Khan wa Khan Academy, ile tovuti ya masomo ya bure, watu wanadhani kaanza na vidio. Kaanza 2004 kwa kumfundisha binamu yake hesabu kwa simu, mtoto mmoja, anamjua jina na anajua anakwama wapi. Vidio zimekuja baadaye.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huo. Kabla hujalipa usiulize kozi ina vidio ngapi wala cheti kina muhuri wa rangi gani. Uliza nikipotea wiki mbili, nani atanipigia simu? Kama jibu ni "tuandikie imeili tutakusaidia", hiyo hela kanunue bati.

Nawasilisha.

#2 Mdau

Mkuu umesahau kundi letu sisi tulionunua kozi ya forex Telegram laki tatu, sisi kila siku tulikuwa tunapigiwa simu, asubuhi na jioni, tuongeze hela 😂😂

#3 Mhasibu wa Mpanda

Mleta mada umegusa penyewe. Mimi niko Mpanda nakimbizana na CPA, cheti cha juu cha uhasibu. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ni Mei na Novemba, na review nyingi za maana, yaani madarasa ya kujiandaa na mtihani, ziko Dar, zamani ilikuwa uombe likizo, ukapange Dar au uombe hifadhi kwa ndugu ambaye baada ya wiki mbili sura inabadilika. Sasa hivi nasoma Zoom saa mbili usiku mpaka saa nne watoto wakishalala, mwalimu yuko Dar, mwingine anauliza swali yuko Kigoma, mwingine yuko melini sijui wapi huko.

Lakini Zoom peke yake isingenifikisha popote, maana kuna usiku nimeweka simu kifuani nimelala, naamka nakuta niko peke yangu kwenye darasa, mwalimu kashatoka. Kilichoniokoa ni grupu ya watu watano tuliyounda pembeni. Kila Jumapili asubuhi lazima upige picha swali ulilolifanya kwa mkono wako uliweke, asiyeweka anatuma 2,000 kwa mweka hazina, inakuwa hela ya bando ya aliyeishiwa. Kuna dada mmoja humo hana masihara, akiona hujaweka anapiga simu, usipopokea anampigia mumeo. Nimefaulu masomo ambayo nilikuwa nayaogopa miaka.

#4 Fundi mkufunzi

Mimi nafundisha uchomeleaji, naomba mtuache sisi wa vitendo. 2020 vyuo vilivyofungwa kwa corona tukaambiwa tutume notsi WhatsApp, nikatuma, vijana wakasoma, waliporudi wanajua majina ya elektrodi zote na hakuna anayeweza kuunga bomba likashika maji. Kosa la mkono unaliona ukiwa umesimama nyuma ya mtu, kainua elektrodi juu mno, unamshika kiwiko unamshusha taratibu, anasikia mwenyewe mlio umebadilika. Hiyo utaituma kwa bando gani?

Ila nikiri kitu, mafundi simu wa Kariakoo nusu ya ujuzi wao ni YouTube. Tofauti ni kwamba simu mbovu ziko mezani kwake, anatazama huku anafungua, akiunguza ya mteja anajua atailipa.

#5 Jirani kutoka Kenya

Niaje watu wangu. Huku kwetu 2020 shule zilifungwa Machi, kufika Julai Waziri wa Elimu Magoha akatangaza huo mwaka wa masomo umeenda hivyo, watoto warudie. Wengine wakarudi Oktoba, wengine wakangoja hadi Januari 2021. Hapo katikati wale wa shule za pesa walikuwa kwa Zoom na uniform wamevaa kabisa, sisi wa kijijini ilikuwa redio ya KBC na hiyo redio ndio mzee anataka kusikiza habari. Alphabet, kampuni mama ya Google, wakaleta zile baluni za Loon za kurusha intaneti angani, Julai hiyo hiyo, watu tukaangalia juu, mwaka uliofuata ikafungwa. Na Uganda ndio usiseme, kufunguliwa kamili ilikuwa 10 Januari 2022, karibu miaka miwili. Mtoto amekaa nyumbani hivyo, mwingine ashaolewa, mwingine ni wa boda, masomo ya mtandao utampata wapi?

Lakini pia nimeona ikifanya kazi. Shirika la afya la Amref na Baraza la Wauguzi walianza 2005 mpango wa kupandisha wauguzi wa cheti hadi diploma kwa elimu ya mtandao wakiwa kazini, na wamepita maelfu. Mamangu ni mmoja wao. Kompyuta alikuwa hajawahi kugusa, panya ya kompyuta anaishika na mikono mbili. Lakini alikuwa na kituo cha kuenda, alikuwa na mtu wa kumuelekeza, na praktiko ilikuwa wodini, hakuna kubahatisha. Na alijua akimaliza mshahara unapanda. Hiyo nayo ni sababu moja kubwa sana hamjaitaja hapa, mtu akiona pesa mbele haitaji kuamshwa.

#6 Mama wawili

Mimi naongea kama mzazi. Shule zilivyofungwa hapa kwetu 17 Machi 2020 shule ya mwanangu ikaanzisha grupu, kila asubuhi zinamiminika PDF, Hesabu, Sayansi, Kiingereza, na voisi noti za mwalimu huku nyuma kuku wanawika. Simu ni moja na ni ya kwangu, nauza nguo kwa hiyo hiyo simu, mteja akipiga somo limekatika. Mwisho wa siku nani alikuwa anafanya hizo kazi? Mimi. Mtoto anacheza nje mama anachora mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, napiga picha natuma, mwalimu anaandika "hongera sana mwanangu" 😂 na ada wakataka nzima. Zilivyofunguliwa 29 Juni niliwarudisha kabla kengele haijalia.

Watu wazima someni onlaini, mko huru. Mtoto wa miaka saba anahitaji wenzie wa kugombania nao penseli.

#7 Mwajiri

Mtanisamehe, mimi niko kitengo cha ajira kwenye kampuni binafsi, nikiona cheti cha onlaini naweka pembeni. Siku hizi mtu anaandikiwa kila kitu na akili mnemba, anapata A, unamweka kwenye usaili unamuuliza alichokiandika mwenyewe anakutazama kama unaongea Kichina. Msidanganye vijana.

#8 Mleta mada

Nimewasoma wote, nashukuru uzi haujageuka vita.

Fundi, nakubaliana na wewe moja kwa moja, sina la kuongeza. Mama wawili na wewe pia, na nikwambie mwalimu wa lile grupu naye alikuwa anateseka, hakuna aliyempa bando.

Jirani, hoja yako ya mshahara nimeikubali na kweli sikuiweka. Ila naona mama yako alikuwa na vyote viwili, hela iko mbele na mtu yuko pembeni. Hapa kwangu nimewaona wengi wenye cha kwanza tu, ahadi ya kupandishwa daraja ipo kabisa na bado muhula wa pili hawaonekani.

Ndugu mwajiri. Hilo la akili mnemba ni kweli na mimi naliona kabla yako, maana ndiye ninayeprinti. Mtu ananitumia asainmenti WhatsApp saa tano usiku, naifungua, ukurasa wa mwisho kabisa chini imeandikwa "ukipenda naweza kukuongezea mifano zaidi, niambie". Hajaisoma hata mara moja! Namwambia dada futa hapa mwisho, ananiuliza pamekosewa nini. Sasa swali langu kwako, huyo dada anasoma wapi? Anasoma chuo cha kukaa darasani, hapo hapo juu ya barabara. Kudesa, yaani kunakili kazi ya mwingine, hakujaanza na mtandao, enzi zetu walikuwepo waliotoka chuo na digrii ya desa la rafiki zao na hakuna mwajiri aliyeweka cheti pembeni. Hao waliosoma wakiwa kazini, wanakokotoa saa tano usiku na kesho saa moja wako ofisini, wewe unawatupa bila hata kuwaita kwenye kiti. Waite uwaulize. Asiyejua utamjua ndani ya dakika tano, kama ulivyosema mwenyewe.

Ninapokupa haki ni kwamba vyeti havifanani. Cheti cha kozi ya saa sita ulichopata kwa kubonyeza "endelea, endelea" sio sawa na digrii ya mtu aliyekaa mtihani mbele ya msimamizi, na vijana wengine wanavipanga kwenye CV kama vile ni kitu kimoja, hapo wanajiharibia wenyewe.

Mhasibu, ile faini ya 2,000 nimeiiba. Kuna vijana wanne wanarudia mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa binafsi, wanakuja hapa kutazama vidio za fizikia, nimewaambia kompyuta moja nawapa bure Jumamosi asubuhi lakini wakae wote wanne pamoja na atakayekosa wenzake wamfuate kwao. Wamekubali huku wamenuna.

#9 Mdau

Mleta mada samahani naingilia, dada yangu amepata chuo cha nje, shahada ya biashara onlaini miaka miwili, malipo ya kwanza laki saba, wamemwambia ofa inaisha Ijumaa hii. Wanampigia simu kila siku kama ulivyosema. Alipe?

#10 Mleta mada

Asilipe Ijumaa. Kumpigia kabla ya kulipa ni kumuuzia, mimi nasema kumpigia baada ya kulipa, hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Afanye hivi. Kwanza awaulize TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kama shahada ya hicho chuo, kwa hiyo njia ya onlaini, wanaitambua, na aulize sasa hivi kabla hela haijatoka, wengi wanaenda kule wameshamaliza wanatafuta ithibati ndio wanaanza kulia. Ingekuwa diploma ya hapa nchini ningemwambia aangalie NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Pili awaombe wamuunganishe na Mtanzania mmoja anayesoma hapo sasa hivi na mwingine aliyemaliza, aongee nao kwa simu sio kwa meseji, awaulize mtihani wanafanyia wapi, kazi zinasahihishwa na nani na majibu yanarudi baada ya muda gani. Tatu aulize akishindwa kulipa awamu ya pili anaruhusiwa kusimama muhula mmoja au ndio imetoka hiyo.

Wakimpa namba za hao wanafunzi, mje hapa mtuambie wamesema nini. Wakianza kusema ni siri ya chuo, basi laki saba ibaki kwenye simu yake.